Baiskeli Nene ya Hulugho

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikae juu ya gunia la misumari na nisiguse kitu. Aliyenipa amri hiyo alikuwa Fundi Mkuu, Mkamba mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Duka lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Garissa mjini, na sisi tulimwita Tajiri tu. Baiskeli zilitoka Nairobi zikiwa vipande vipande ndani ya makatoni, na kazi ya Fundi Mkuu ilikuwa kuziunga, kuzikagua, kisha kumwambia Tajiri ipi iuzwe kwa bei gani na ipi irudishwe ilikotoka.

"Wewe ni mtoto wa yule dalali wa mifugo?" aliniuliza.

"Ndiyo, Fundi."

"Basi macho unayo. Shida ni kwamba yanajua mbuzi tu. Kaa hapo utazame."

Nilikaa nikatazama mpaka adhuhuri. Nilikuwa kijana mwenye maringo, nimemaliza kidato cha nne, na moyoni niliudhika kweli. Ati nikae juu ya misumari! Kisha akachukua spoku moja, yaani ule waya mwembamba unaotoka katikati ya gurudumu kwenda kwenye rimu, akaniwekea mkononi. Niliweza kuupinda kwa vidole viwili. Akaniuliza kama waya huo unaweza kumbeba mtu, nami nikacheka.

Aliunga gurudumu la baiskeli ndogo ya mtoto, akakaza spoku moja moja kwa kispana kisichozidi ukubwa wa sarafu, akalizungusha huku akilitazama kwa jicho moja mpaka likaacha kuyumba. Halafu akalifunga kwenye baiskeli, na yeye mwenyewe, mtu mzima na tumbo lake, akakalia kiti cha mtoto wa miaka minane. Gurudumu halikulalamika hata kidogo. "Umeona?" akasema. "Kila waya unavuta upande wake, ndiyo maana mtu hafiki chini." Wallahi nilibaki mdomo wazi. Nimeshughulika na magurudumu maisha yangu yote na mshangao ule haujanitoka, ila siku hizi nafunga mdomo.

Biashara yetu kubwa ilikuwa baiskeli ya mlima ya mtoto, ile ya bei nafuu. Msiniulize mlima wenyewe uko wapi. Toka Garissa mpaka Eldas hutaona mlima wa kupanda na baiskeli, lakini mzazi akiona tairi lenye meno makubwa na stika za radi na moto, roho yake inatulia. Tajiri alipenda stika. Fundi Mkuu alizichukia, na kila baiskeli ilipotoka kwenye katoni alikuwa akibandua moja ya fremu, aone chini yake kuna nini. Mara nyingi chini yake palikuwa na mshono wa kulehemu ulioachwa na mashimo. Baiskeli ya namna hiyo aliirudisha hata kama ilikuwa inameremeta.

Alinifundisha kwa amri fupi fupi. Mlete mtoto mwenyewe, usichukue neno la baba yake. Mwambie ashike breki: vidole vyake visipofika, au vikifika lakini havina nguvu ya kuvuta, baiskeli hiyo haina breki. Zungusha krenki, ile mikono miwili inayobeba pedali, usikilize kama kuna mchanga unasagika ndani. Tazama alama iliyochorwa kwenye mlingoti wa kiti. Ikionekana nje, kiti kimevutwa juu kupita kiasi, na baba amenunua baiskeli ndogo kwa sababu ya bei. Au kinyume chake, amenunua kubwa ili mtoto aikulie, kama sare ya shule. "Sare ikiwa kubwa inamchekesha mwalimu," Fundi Mkuu alisema. "Baiskeli ikiwa kubwa inamtoa mtoto meno." Nilikaa naye miaka tisa, na siku niliyoaga alinipa kile kispana chake kidogo.

Niliondoka kwa sababu shirika moja lilitaka mkaguzi wa vifaa, na kituo changu cha kwanza kilikuwa Masalani. Mkubwa wangu huko alikuwa Bwana Stoo, mtu wa makaratasi, aliyependa sahihi kuliko chai. Baiskeli za watoto wa ng'ambo ya mto zilivushwa Tana kwa boti, na zikilowa maji, grisi ya ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, huwa tope. Nilianza kuzifungua zote kila zikifika, nikiosha golori, vile vidude vya chuma vya mviringo, kwa mafuta ya taa na kupaka grisi mpya. Bwana Stoo aliona napoteza muda. "Mkaguzi, zimepita Nairobi, wewe unatafuta nini ndani?" Nikamwambia mto haukupita Nairobi. Alikasirika wiki nzima, lakini hakunizuia tena.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba nilipohamishiwa Hulugho sikuwa mgeni wa kazi. Nilikuwa na jina. Watu walinileta harusini kunionyesha baiskeli waliyotaka kumpa mtoto zawadi. Nilikuwa nikiipapasa tu na kutaja bei, na wao wakiguna "mashallah". Kiburi kilinijaa, na nakisema wazi kwa sababu ndicho kilichonitia aibu.

Hulugho ni nchi ya mchanga na mifugo. Mkuu wetu huko alikuwa Mratibu, mama mmoja wa pwani, mpole wa sauti na mkali wa kazi. Shirika lilitaka kuwapa baiskeli thelathini watoto wanaokaa mbali na shule. Wafanyabiashara wawili wakaleta kila mmoja baiskeli ya mfano. Ya kwanza ilikuwa nene: bomba za fremu kama mkono wangu, springi kwenye uma wa mbele unaoshika gurudumu, springi nyingine kubwa nyekundu katikati, tairi pana zenye meno, gia nyingi. Ya pili ilikuwa imekonda. Uma wake ulikuwa wa chuma kitupu, haina springi popote, tairi za wastani, gia chache, rangi ya kijivu isiyo na stika hata moja. Bei zao zilikaribiana.

Mratibu aliita kamati ya wazazi, wazee watatu wafugaji, waje wachague pamoja nami. Sasa nyinyi mliozaliwa kwenye simu huenda hamjui mzee wa kwetu anavyonunua mbuzi. Anampapasa kiuno na uti wa mgongo, anamshika mbavuni, anamnyanyua. Mzito ndiye mwenye nyama. Wazee walizizunguka zile baiskeli mbili, wakapapasa, wakanyanyua ile nene. Mwenyekiti wa kamati akatoa pumzi.

"Wallahi hii imeshiba."

Akanyanyua ile nyembamba kwa mkono mmoja, akairudisha chini kwa huruma. "Hii imetoka kwenye ukame."

Wote wakacheka. Mimi nami nikanyanyua. Hapo ndipo nilipokosea, na sina wa kumlaumu. Mikono yangu ilikuwa ya mtoto wa dalali kabla haijawa ya fundi, na ilipohisi uzito ule, ilifurahi. Niliangalia mishono, ilikuwa safi. Nilizungusha magurudumu, yalikuwa sawa. Breki zilifika vidoleni. Kila kitu nilichofundishwa nilikifanya, baiskeli ikiwa imesimama kivulini kwenye sakafu ya saruji. Mratibu akauliza, "Mkaguzi, unatia sahihi?" Nikatia.

Thelathini zilifika, zikagawiwa, na mji mzima ukajaa kengele. Mmoja wa waliopata alikuwa Nasteho, msichana wa miaka kumi na moja, darasa la sita, mwembamba kama ufito. Aliishi na bibi yake, Ayeeyo Dahabo, peke yao na mbuzi wao, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka shuleni. Macho ya Ayeeyo yalikuwa yamefifia. Jua likigusa vichwa vya miti hakuweza tena kuwaona mbuzi wake awaingize kwenye boma la miiba, na fisi wa upande ule hawana adabu. Zamani majirani waliwasaidia, lakini walihama na ngamia wao. Kwa mguu Nasteho asingefika kwa wakati, kwa hiyo Ayeeyo alikuwa ameshaamua kumtoa shule. Iliposikika habari ya baiskeli, alikubali kwa sharti moja. Alimpa mjukuu wake siku tatu za kuchelewa. Si tatu kwa muhula; tatu basi. Akizimaliza, shule imekwisha.

Mambo haya mimi sikuyajua. Niliyajua baada ya wiki tatu hivi, nilipotoka jioni kukagua baiskeli njiani, nikamkuta msichana anasukuma yake kwenye mchanga, shingo imetoka mishipa.

"Tairi limepata mwiba?" nikamuuliza.

"Hapana, adeer," akasema bila kusimama, akiniita baba mdogo kama watoto wa kwetu wanavyomwita mtu mzima. "Ni nzima. Haitaki tu."

"Haitaki vipi?"

"Panda uone."

Nikapanda. Lo! Kila nilipokanyaga pedali, springi ya katikati ilizama, ya mbele ikazama, na nguvu yote ya mguu wangu ikaishia humo. Baiskeli ilikuwa inachuchumaa na kuinuka palepale, na lile tairi pana likikokota mchanga kando. Asubuhi, Nasteho alinieleza, mchanga umeshikana kwa ubaridi na baiskeli inakwenda. Jioni mchanga ukilegea kwa joto kali, kama juzi na leo, haiendi. Nikamwambia basi aiache nyumbani awe anatembea. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyetoa ushauri wa kijinga, na kweli ulikuwa wa kijinga, ndipo akanieleza habari ya zile siku tatu. Moja alikuwa ameshaitumia.

Tulisukuma pamoja, mimi nyuma yeye mbele, na bado tulifika jua limeshazama. Ayeeyo Dahabo alikuwa amesimama nje ya nyumba yake ya mikeka, fimbo mkononi, akiwaita mbuzi kwa majina, na mbuzi wengine wanaitikia kutoka mbali, vichakani. Nasteho alitupa baiskeli akakimbia kuwakusanya. Ayeeyo aliinua vidole viwili juu, akimwonyesha.

"Ya pili," alisema. Hakuwa na Kiswahili hata cha salamu, haya ninayowaandikia yote aliyasema kwa Kisomali.

Nikamsalimu, nikajitambulisha. Akauliza mnyama huyu wa chuma nani alimchagua.

"Mimi, ayeeyo. Mimi na wazee wa kamati."

"Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtaja baba yangu na ukoo wake. Akamtafuta kwenye kumbukumbu, akampata.

"Huyo dalali namjua. Alinunua madume kwa marehemu mume wangu. Kuna siku baba yako alinunua mnyama ambaye hajamwona akitembea?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Maana ndivyo ilivyo, na kila mtoto wa mfugaji anajua: ukishapapasa, ukishanyanyua, bado hujanunua. Unaomba mnyama atembezwe, mbele yako, kwenye ardhi yake. Hapo ndipo kilema anapojulikana na mnene anapopumua kwa shida. Mimi na wazee watatu wenye mvi, waliotembeza wanyama maelfu, tulinyanyua chuma tukasahau kukitembeza. Na mwanamke aliyeona giza tupu ndiye aliyeliona.

Sikulala vizuri. Asubuhi niliichukua baiskeli moja nene mpaka buchani, nikamwomba mwenye bucha aitundike kwenye mzani wake wa kuning'iniza. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini aliitundika. Ilikuwa na uzito wa dume la mbuzi lililonona, na kichwa na kwato. Nikafikiria miguu ya Nasteho, nikashikwa na haya. Nikatoka pale moja kwa moja mpaka kwa Mratibu.

"Mama, nimekosea."

"Umekosea nini?"

"Baiskeli. Zote thelathini. Hazifai mchanga, na hazifai watoto wale."

Aliweka kalamu chini. "Zimeshagawiwa, Mkaguzi. Wazee wameshukuru kwa barua. Unataka niandike nini?"

"Andika kwamba mkaguzi alitia sahihi bila kuzitembeza."

Nilidhani nafukuzwa kazi, na ningestahili. "Nimefanya kazi hii miaka mingi," akasema, "na hakuna mkaguzi aliyewahi kuniletea barua ya kujishitaki mwenyewe. Utazirekebisha?"

Nikamwambia naweza. Springi ya katikati hutolewa, mahali pake pakafungwa chuma kigumu. Uma wenye springi hubadilishwa kwa uma mtupu. Tairi pana hutolewa. Zingepoteza theluthi ya uzito, labda, na zingeacha kuchuchumaa. Lakini kazi hiyo ingechukua miezi, na Nasteho alibakiwa na siku moja. Ndipo Mratibu alipokumbuka kwamba ile baiskeli iliyokonda bado iko stoo, mwenyewe hajaja kuichukua. Shirika likainunua siku hiyo hiyo.

Kwenda kuwaambia wazee lilikuwa jambo jingine. Mwenyekiti alikasirika, akaniuliza kama nataka watu wamcheke kisimani. Nikamwambia aliyewacheka ni Ayeeyo Dahabo, na nikamweleza kwa nini. "Astaghfirullah," alisema polepole. "Hatukuitembeza."

Nasteho alipewa ile nyembamba adhuhuri, shuleni. Nilishusha kiti, nikasogeza breki karibu na vidole vyake, nikapunguza upepo kidogo ili tairi litandike mchangani. Sikuwa na uhakika, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimeshakuwa na uhakika mara moja na mnaona uliniletea nini. Kisha nikatangulia kwa gari la shirika mpaka kwa Ayeeyo, nikakaa naye nje. Ikiwa mtoto atachelewa kwa baiskeli niliyochagua mimi, nilitaka niwepo mbele ya bibi yake.

Jua lilishuka. Ayeeyo alikuwa na birika lake la udhu karibu na goti, hana haraka. Mimi nilikuwa naitazama njia mpaka macho yanauma, na njia ni nyeupe, haina kitu. Kivuli cha mti wa mgunga kilitufikia miguuni, kikatupita. Nilianza kuomba kimoyomoyo.

"Anakuja," Ayeeyo akasema.

Nikatazama. Hakuna mtu. "Ayeeyo, sioni."

"Mimi pia sioni. Sikiliza."

Sikusikia kitu. Baadaye sana ndipo nilipoona kwenye mkunjo wa njia kitambaa cheupe cha kichwa cha sare kinapepea, na chini yake magoti mawili yanapanda na kushuka bila kusimama, na ule mchanga, ule ule uliotushinda watu wawili jana yake, unapita chini yake kama si kitu. Subhanallah! Mtoto yule alikuwa amesimama juu ya pedali anacheka. Nimeona malori yakivuka laga, ile mito ya msimu, zikiwa zimejaa maji, nimeona ndege ikitua kwenye uwanja wa changarawe, na sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile kijibaiskeli cha kijivu na msichana juu yake. Machozi yalinitoka, nami nikayaacha yatoke.

Alifika jua bado liko juu ya miti. Alilaza baiskeli chini, akawakusanya mbuzi, akawaingiza wote, akafunga mlango wa miiba. Ayeeyo aliinama akaipapasa baiskeli toka usukani mpaka gurudumu la nyuma, taratibu, hakuacha mahali.

"Amekonda huyu," alisema.

"Ndiyo, ayeeyo."

"Lakini anatembea." Akachukua birika lake akaanza kutawadha.

Zile nyingine tuliziandaa moja moja, mpaka ya mwisho. Nilifanya kazi Hulugho miaka sita zaidi, kisha nikarudishwa makao makuu Garissa, ambako nilikagua kila kitu kuanzia matangi ya maji hadi viti vya magurudumu, na kila kitu nilikitembeza kwanza. Wakubwa wapya waliona ni wazimu. Mmoja, Meneja wa Ununuzi, alinikuta nimepanda baiskeli ya mtoto nje ya ofisi, magoti yamegusa kidevu, mchangani, suti na yote. Alinipiga picha akaituma kwenye kundi la wafanyakazi. Sikumwomba aifute.

Sasa nimestaafu. Vijana wa mjini wananitumia picha kwenye simu: "Mzee, hii baike iko fiti?" Nawajibu kwamba picha haitembei. Nawauliza nani ataipanda, njia yake ikoje, na nyumbani anasubiriwa na nani. Wengi hawarudi tena kuniuliza, wanaona mzee ana maneno mengi kuliko majibu. Lakini mtu akijua hayo matatu, bei huwa rahisi kuitaja, na mara nyingi huwa si ile ya kwenye karatasi.

Nasteho alimaliza shule ya msingi, akaendelea na sekondari ya bweni. Siku moja, nikiwa karibu kustaafu, alinipitia ofisini, mtu mzima kabisa, nikamuuliza ile siku yake ya tatu aliitumia lini. Akasema hakuitumia. Miaka miwili, masika na kiangazi, jioni kila siku, na hakuitumia. Nikamsifu kwa dhati. Nikamwambia mtoto aliyechelewa mara mbili tu kwenye mchanga ule ni mtoto wa ajabu.

"Mara mbili zipi, adeer?" akaniuliza. "Zile mbili zilikuwa zako."